Stara ya Mzee Aristide

Kwa miaka kumi na minane Faridah Mbarak alikuwa akiwaogesha wazee wa watu mjini London, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumtangaza hata mmoja. Aliyejikojolea, Faridah alimbadilisha upesi kabla wenzake hawajaingia, kisha akakisingizia kikombe cha chai. Aliyetukana, alisema amekohoa. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akiiba biskuti za jirani na kuzificha ndani ya soksi. Faridah alizirudisha moja moja, na mpaka yule bibi anakufa hakuna aliyejua. Mwenyewe aliona hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kuosha mwili kila mtu anaweza, hata magari yana mashine ya kuyaosha.

Alilelewa Kibokoni, Mombasa, na bibi yake mzaa mama, mwanamke mkali aliyekuwa na sheria moja kubwa: mtu mzima havuliwi nguo mbele za watu. Nguo za mwili na nguo za heshima, zote mbili. Ukiona aibu ya mkubwa unaifunika, unapita, na ukiulizwa hukuona kitu. Stara, alikuwa akisema, ndiyo nusu ya utu. Faridah aliichukua sheria hiyo, akaifungasha pamoja na leso zake, akaja nayo Uingereza. Laiti angeiacha uwanja wa ndege.

Alipanga chumba Rayners Lane kwa Deepa, mjane wa Kihindi mzaliwa wa Kampala, ambaye mpaka leo hutukana kwa Kiswahili ingawa aliondoka Uganda akiwa na miaka kumi na tisa. Kila asubuhi Faridah alipanda treni ya kuelekea mjini mpaka Acton Town, akashuka, akapanda nyingine iliyomrudisha magharibi mpaka Hounslow, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nyumba ya wazee aliyofanyia kazi ilikuwa chini ya njia ya ndege. Kila dakika mbili ilipita moja, vikombe vikatikisika, na wazee waliozoea wakanyamaza katikati ya maneno, wakangoja, wakaendelea.

Chumba namba tisa alikaa Mzee Aristide.

Alikuwa Mmarekani mweusi wa Louisiana, wa miaka sabini na saba, mrefu hata akiwa amekaa. Jeshi la anga la kwao lilimleta Uingereza akiwa kijana. Muda wake ulipokwisha alikataa kurudi, akaoa muuguzi wa Barbados, akapakia mizigo Heathrow miaka thelathini na moja. Mke alikuwa amefariki, na mtoto hawakujaliwa. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeanza kumnyemelea, lakini ulikuja kwa saa, kama mfanyakazi wa zamu. Asubuhi alikuwa na akili kuliko daktari wake. Alasiri alianza kupotea. Waliongea Kiingereza, yeye cha Louisiana na Faridah cha Mombasa, na nikiyaandika maneno yao hapa kwa Kiswahili sidhani kama nawaonea, kwa kuwa walielewana kama watu wa nyumba moja. Yeye alimwita Miss Faridah. Faridah alimwita Mzee, na alipomweleza kuwa kwao hilo ni jina la heshima, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mimi kwetu niliitwa boy mpaka siku nilipopanda ndege," alisema.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kila asubuhi Faridah alipokuwa akimnyoa ndevu, mzee alimsimulia jambo moja, lile lile, na halikubadilika hata nukta.

Mwaka 1964 Aristide alikuwa na miaka kumi na saba. Kaka yake, Lucien, alikuwa na ishirini na mbili, mkewe mjamzito, na kila Jumatano aliwafundisha watu weusi kanisani jinsi ya kujaza fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Fomu yenyewe haikuwa ngumu. Ilifanywa ngumu. Mzungu aliandika jina akaenda zake. Mweusi aliulizwa maswali ambayo hata jaji angetokwa na jasho, na akikosea kidogo tu, kwaheri. Lucien aliwafundisha wazee kumi na wanne. Wa kumi na nne alipofaulu, walikuja.

Walikuja mchana kweupe, siku ya Ijumaa, kwenye kituo cha petroli alikofanya kazi Aristide. Walikuwa watatu. Coyle alikuwa naibu wa sherifu, na alikuja na sare yake. Tibbets alikuwa na duka la mbegu. Wa tatu, mdogo wao, alikuwa Harlan Pruitt, wa miaka ishirini na mitatu, ambaye Aristide alimwoshea gari kila Jumamosi. Lucien alikuwa amemletea mdogo wake chakula. Walimpiga kwa vyuma vya kubadilishia magurudumu, bila haraka, na muda wote huo Harlan Pruitt alikuwa akipiga mluzi. Aristide alikuwa amelala chini ya gari alilokuwa akilitengeneza. Aliona miguu tu. Mwishoni Pruitt aliinama kuokota kofia yake, wakatazamana uso kwa uso. Pruitt akamkonyeza, akainuka.

Barabarani walikuwapo watu zaidi ya kumi. Daktari wa mji aliandika sentensi moja kwenye cheti: amefariki katika ajali ya gari. Sherifu akatia sahihi, gazeti likanakili. Lucien hakuwa na gari wala hakujua kuendesha. Lakini ilikuwa imeandikwa, na mji ule walichoandika wazungu ndicho kilichotokea. Mama yao alimshika Aristide mabega akamwambia, nimebaki na wewe tu, na wewe hukuona kitu. Mwaka uliofuata alimruhusu aingie jeshini ili apate kuondoka akiwa hai.

"Nimenyamaza miaka sitini, Miss Faridah," mzee alisema, povu la sabuni likiwa limemzunguka mdomo. "Kwanza kwa ajili ya mama. Halafu kwa woga. Halafu kwa mazoea tu."

Faridah alimfuta povu. Alimpenda mzee huyu, niseme waziwazi, kuliko alivyompenda baba yake mzazi, ambaye hata hivyo hakumpa sababu nyingi za kumpenda.

Balaa lilianza alipohamia chumba namba kumi na moja mzungu mmoja, fundi bomba mstaafu, mtu asiye na kosa lolote duniani ila mluzi. Alipiga mluzi akivaa, akila, akitazama mpira. Asubuhi Mzee Aristide alimsalimu vizuri na kumuuliza habari za wajukuu. Alasiri, akili ikishaanza kuteleza, aliusikia ule mluzi kwenye korido, akasimama, akamnyooshea kidole yule maskini.

"Ni yeye! Harlan Pruitt! Yeye na Coyle na Tibbets! Wamemuua Lucien!"

Sasa, nyumba ile ilikuwa na kanuni. Mkazi akimtuhumu mkazi mwenzake, mhudumu lazima aandike maneno yote kama yalivyosemwa na kumpelekea meneja. Mara ya kwanza ni onyo. Mara ya pili, mwenye kutuhumu anahamishiwa ghorofa ya juu, ambako milango hufunguliwa kwa namba ya siri na madirisha hayafunguliwi kabisa. Faridah aliwahi kufanya kazi huko. Aliwaona watu wakipanda kwa miguu yao na kushuka kwa machela.

Kuandika kwenyewe hakukuwa kwa kalamu. Kila mhudumu alikuwa na simu ya kazi yenye vitufe. Ameoga, bonyeza. Amekula, bonyeza. Na palikuwa na kitufe kimoja chenye uso wa manjano ulionuna. Ukikibonyeza kinaandika chenyewe: Amechanganyikiwa. Ametulizwa. Maneno mawili yasiyomdhuru mtu wala kumpandisha mtu ghorofa ya juu.

Faridah alimshika mzee mkono, akamrudisha chumbani, akambembeleza, akabonyeza. Baada ya siku tatu ikawa tena. Wiki iliyofuata mara mbili. Wenzake aliwaomba wamwachie yeye. "Huyu ni mzee wangu, niachieni mimi," aliwaambia, na kila alipobonyeza alihisi kama amemvuta shuka na kumfunika. Bibi yake angemsifu.

Mwezi wa pili mwaka huu ikaja barua kutoka Louisiana.

Mtoto aliyekuwa tumboni mwa mke wa Lucien sasa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, na maisha yake yote alikuwa amebisha hodi katika ofisi za serikali akiuliza baba yake aliyekuwa hana gari alikufaje kwa ajali ya gari. Coyle alikuwa amekufa, Tibbets amekufa. Pruitt alikuwa hai, ana miaka themanini na tatu, anakunywa kahawa kwenye baraza ya nyumba yake na kupungia mkono wapita njia. Waendesha mashtaka walikubali kumshtaki iwapo atapatikana shahidi mmoja aliyeona kwa macho. Yule mwanamke alifuata karatasi za jeshi za baba yake mdogo, hatua kwa hatua, mpaka chumba namba tisa, Hounslow.

Mzee aliposomewa barua aliomba asomewe tena. Kisha akasema, "Miss Faridah, nitahitaji tai."

Wakili aliyetumwa kusimamia upande wa London aliitwa Seema. Alizaliwa Wembley kwa wazazi wa Mombasa. Alielewa kila neno la Kiswahili na kujibu kila neno kwa Kiingereza. Alieleza kuwa mzee hana afya ya kusafiri, kwa hiyo ushahidi wake utachukuliwa kwa video, mbele ya jaji wa Louisiana, na wakili wa Pruitt atakuwa na haki ya kumhoji. Jaji akiukubali, kesi inakwenda. Akiukataa, hakuna kesi, kwa sababu hakuna shahidi mwingine aliyebaki duniani.

"Saa ngapi?" Faridah aliuliza.

"Saa tatu asubuhi kwao, Auntie. Kwetu saa tisa alasiri," Seema alijibu kwa Kiingereza chake.

"Saa tisa! Mwanangu, saa tisa mzee wangu hayupo. Mchukueni saa nne asubuhi, atawaambia mpaka rangi ya soksi zao."

"Saa nne yetu ni saa kumi alfajiri kwao. Jaji hawezi kuamka alfajiri."

"Amelala miaka sitini, huyo jaji. Siku moja akiamka mapema atakufa?"

Seema alicheka, lakini alikwenda kuomba. Alirudi na saa moja tu: wangeanza saa nane mchana. Faridah alisema haya, tutatumia hicho hicho. Wiki mbili nzima alimsogeza mzee kama mtu anayesogeza mshale wa saa. Alimchelewesha kuamka, akamlaza tena saa tano, akamwamsha saa saba, akamnyoa mchana badala ya asubuhi. Akili ya mzee ikadanganyika, ikadhani saa saba ndiyo alfajiri. Binti wa fundi bomba aliombwa amchukue baba yake siku hiyo wakatembee, na akakubali bila kuuliza. Kwa mara ya kwanza Faridah alianza kuamini kuwa jambo hili litawezekana.

Siku moja kabla, aliingia ofisini kwa meneja kuomba apewe zamu ya mchana wote. Pritesh hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Mashine ya kuchapisha ilikuwa ikitema karatasi, rundo zima, na juu ya rundo kulikuwa na kurasa zilizopakwa rangi ya njano.

"Ni nini hizi, Bwana Pritesh?"

"Notes za Aristide. Wakili wa upande wa pili ameomba za miezi kumi na minne yote."

Faridah alichukua ukurasa wa juu. Amechanganyikiwa. Ametulizwa. F.M. Akachukua wa pili. Amechanganyikiwa. Ametulizwa. F.M. Aliendelea kufunua mpaka kurasa za njano zikaisha. Pritesh alikuwa amekwisha kuzihesabu: mara arobaini na moja, na zote zilikuwa na herufi zake.

"Nipe nizirekebishe," alisema. "Haya siyo aliyoyasema."

"Faridah, rekodi haifutiki. Ukifuta, inaandika kuwa umefuta." Alimtazama vizuri. "Alisema nini kwani?"

Akamwambia. Pritesh alivua miwani. Alisema kuwa afadhali asingelisikia hilo, kwa sababu sasa amelisikia na itabidi achukue hatua.

Faridah alimpigia Seema simu akiwa amesimama kando ya mapipa ya taka, nyuma ya jikoni. Alipomweleza yote, Seema kwa mara ya kwanza alinena Kiswahili, kibovu, kama mtoto.

"Auntie, ungeandika majina. Mara arobaini na moja, majina yale yale, mwaka mzima kabla ya barua kuja. Hakuna mtu angesema tumemfundisha. Tungeshinda na hayo tu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Faridah alikuwa ameisikia methali hiyo tangu utotoni, na siku zote alidhani inawahusu wanaoficha maradhi yao wenyewe.

Jioni Deepa alimwekea sahani ya khichdi, wali uliochanganywa na dengu, mezani, akasimama mlangoni kuhakikisha inaliwa. Alipoisikia habari yote hakumpa pole.

"Kampala askari iliandika baba yangu ameacha duka kwa hiari yake," alisema. "Hiari! Bunduki iko hapa, kalamu iko hapa, na baba anatia sahihi. Mpaka leo file iko hivyo. Wewe kesho enda sema kweli, Faridah. Wakufukuze basi. Kula."

Saa nane kasoro dakika kumi Mzee Aristide aliketi mbele ya kompyuta akiwa amevaa shati jeupe na tai ya buluu, amenyolewa mpaka kidevu kinang'aa. Faridah alikaa nyuma yake, mahali pasipoonekana na kamera. Kwenye kioo walikuwapo jaji, mwendesha mashtaka, wakili wa Pruitt, na katika kisanduku kidogo cha pembeni mwanamke mmoja mwenye mvi aliyeshikilia picha ya kijana kifuani. Pruitt mwenyewe hakuonekana. Wakili wake alisema kuwa afya yake haimruhusu kukaa muda mrefu.

Na mzee akasema. Aliyasema yote kwa dakika ishirini na tano, ndege zikipita juu, akinyamaza, akingoja, akiendelea. Alisema gari alilokuwa amelala chini yake lilikuwa la rangi gani na la nani. Alitaja kilichokuwa ndani ya kifurushi cha chakula. Alitaja ule mkonyezo. Yule mwanamke wa pembeni alilia bila sauti, na Faridah, Mungu amsamehe, alifikiri kuwa wameshinda.

Wakili wa Pruitt alikuwa kijana mwenye adabu nyingi. Alimshukuru mzee kwa utumishi wake jeshini. Kisha akauliza, "Bwana, tarehe tatu Februari mwaka jana, saa tisa na nusu alasiri, ulikuwa umechanganyikiwa?"

"Sikumbuki hiyo siku."

"Tarehe sita Februari?"

Aliendelea hivyo, taratibu, tarehe kwa tarehe, na kila baada ya tarehe alisoma yale maneno mawili. Amechanganyikiwa. Ametulizwa. Hakuruka hata moja. Kufikia ya ishirini mzee alikuwa ameacha kujibu. Kufikia ya arobaini na moja alikuwa amegeuka kwenye kiti, anamtazama Faridah. Hakuwa amejua. Miezi kumi na minne alikuwa akipaza sauti mbele yake, mtu pekee aliyemsikia, na hakujua alikuwa akiandikiwa hivyo.

"Miss Faridah?" alisema. "Wewe ndiye uliyeandika?"

Seema aliomba mhudumu asikilizwe. Faridah alisogea mbele ya kamera, akaapa, akasema kweli. Alisema mzee alitaja majina yale yale matatu kila mara. Alisema kile kitufe alikibonyeza yeye, na kilichoandikwa ni uongo wake.

"Kwa nini?" aliuliza wakili.

"Ili asipelekwe ghorofa ya juu. Nilikuwa namfunikia. Kwetu mtu mzima hufunikwa."

"Majina hayo, alikuwa akimwambia nani?"

"Mkazi mwenzake."

"Alikuwa akimwita mkazi huyo Harlan Pruitt?"

Angeweza kudanganya hapo. Alikuwa ameapa, lakini hata bila kiapo asingeweza. Uongo ulikuwa umeshamla vya kutosha. "Ndiyo," alisema.

"Mkazi huyo ni nani?"

"Fundi bomba. Wa hapa hapa Hounslow."

Wakili aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea rambirambi. "Umesema kuwa uliandika uongo kwa sababu ya kumpenda mzee huyu. Leo, bibie, bado unampenda?"

Faridah aliuona mtego wote, mdomo wake na shimo lake, na hakuona njia ya kuuzunguka.

"Ndiyo," alisema.

"Sina swali jingine."

Mzee alikuwa amefungua tai. Ilikuwa imetimu saa tisa na robo, na macho yake yalikuwa yameanza kuondoka.

Jaji alichukua wiki tatu kuandika kurasa nne. Alisema ushahidi ulikuwa wa kuhuzunisha, lakini shahidi, kwa rekodi za walezi wake mwenyewe, hawezi kuaminiwa, na mlezi anayekiri kughushi rekodi hawezi kumkomboa. Waendesha mashtaka waliifunga kesi. Harlan Pruitt alirudi kwenye baraza yake, kama kweli aliwahi kuondoka. Cheti cha Lucien bado kinasema ajali ya gari.

Niseme ninavyoliona? Miaka sitini wanaume wa mji mzima, wenye sare na wenye mihuri, walihangaika kuhakikisha Aristide hasikiki. Walishindwa kummaliza. Aliyekuja kuwakamilishia kazi ni mwanamke wa Kibokoni aliyempenda, kwa kidole gumba, bila kujua. Watu kama Pruitt hawakuhitaji watu wabaya tu. Waliwahitaji na wema pia, wanaobonyeza kilichowekwa mbele yao.

Pritesh alimsimamisha kazi Faridah kwa kughushi rekodi. Alimwomba radhi alipomkabidhi barua, na Faridah alimwambia asijali, kwa sababu kweli hakuna alichokuwa akikijali tena. Usiku hakulala na mchana hakula; Deepa alitukana lugha zote alizozijua, wapi. Alichotaka ni kitu kimoja. Alinunua daftari la shule dukani karibu na stesheni, akaapa kuwa kila atakachosema mzee atakiandika neno kwa neno, tarehe na saa, amtumie yule mwanamke wa Louisiana. Mahakama imekataa, sawa. Binti angalau awe nayo.

Jumapili asubuhi alikwenda Hounslow kama mgeni, na kibandiko cha mgeni kifuani. Mzee alikuwa dirishani, hajanyolewa vizuri, mashavu yana mikwaruzo ya wembe wa haraka. Alimkaribisha kwa adabu. Alimwita bibie. Faridah alifungua daftari, akaandika tarehe, akaandika saa nne na dakika kumi, ile saa yake nzuri, akangoja.

Mzee alizungumzia mvua. Alizungumzia uji, kwamba ulikuwa wa moto. Huko kwenye korido fundi bomba alipita akipiga mluzi, na Faridah alikaza mkono kwenye kalamu na kusogea mbele kumshika mzee. Mzee hakustuka. Alitega sikio, akatabasamu, akaanza kugonga magoti kwa kidole kuufuata ule mluzi.

"Huyu bwana anajua," alisema.

"Mzee," alisema Faridah. "Nieleze habari za Lucien."

Alifikiri kwa bidii, kama mtu asiyetaka kumvunja moyo mgeni. Ndege ilipita. Alingoja iishe.

"Lucien ni nani?" aliuliza.

Faridah aliweka kalamu chini. Hakulia pale, alilia baadaye, kwenye treni, watu wakimwangalia, tena kwa sauti. Pale alikaa tu na ule mkono mkubwa wa mzee mkononi mwake mpaka mlango ulipofunguka, akaingia Afnan, mhudumu mpya, msichana mwenye sauti ya upole, simu ya kazi mkononi na kidole gumba tayari.

"Amekuwaje leo, Auntie? Nibonyeze kipi?"

Ule uso wa manjano ulikuwa pale kwenye kioo. Leo, kwa mara ya kwanza, ungesema kweli.

"Usibonyeze," alisema Faridah. "Kuna mahali pa kuandika, chini kabisa. Andika alichosema, kama alivyosema."

"Amesema nini?"

"Ameuliza, Lucien ni nani."

Afnan alitafuta mahali penyewe, akaanza kuandika polepole, kisha akainua macho na kuuliza jina hilo linaandikwaje. Faridah alimtajia herufi moja moja.